Zinki ya moto, kromu au rangi ya unga: kazi ipi ya kupaka chuma inakufaa?

Tangazo likisema "anahitajika opereta wa mitambo ya kupaka metali", bado hujaambiwa kazi ni ipi. Chini ya maneno hayo zimejificha kazi tatu zisizofanana hata kwa harufu: ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, ya kupitisha umeme kwenye maji ya dawa mpaka nikeli au kromu igande juu ya kitu, na ya kupuliza rangi ya unga kisha kuioka. Kijana akiitwa kwenye usaili wa mbili kati ya hizo, swali lake la kwanza huwa ni wapi wanalipa zaidi. Mimi nimezunguka kwenye kazi hizi muda wa kutosha kuliweka swali hilo nafasi ya tatu. La kwanza ni utavuta hewa gani kutwa nzima. La pili ni utaondoka na ujuzi gani siku ukiacha au ukiachishwa.

Kuna jambo moja lililo sawa kote, na sijaona tangazo linalolitaja. Sehemu kubwa ya kazi ni kuosha. Chuma chenye mafuta, kutu au yale magamba meusi kinayotoka nayo kiwandani hakishiki kitu. Zinki itakiruka, nikeli itababuka, rangi itatoka vipande vipande baada ya masika moja. Kwa hiyo usidhani unakwenda kubonyeza vitufe. Utakwenda kupitisha mzigo kwenye magadi ya moto, maji, asidi, maji tena, na kuangalia kama umetakata. Kipimo ni cha bure: kinyanyue kitu kutoka kwenye maji ya kusuuzia. Maji yakitelemka yametandaa bila kukatika, kimesafika. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, rudi nyuma. Mtu asiyekuwa na subira ya kurudi nyuma hafai popote katika kazi hizi tatu.

Zinki ya moto

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za selsiasi, na tangi la kuchovyea huwekwa karibu na nyuzi 450. Juu yake hukaa utando wa kijivu, majivu ya zinki, na opereta huukwangua kwa mpini mrefu kabla ya mzigo kuzama na tena kabla haujatoka. Akiuacha, nguzo inatoka na madoa. Kreni inashusha mzigo kwa mshazari ili zinki iingie na kutoka kwenye matundu. Pakiguswa tu, panachemka. Moshi mweupe unapanda, unaotoka kwenye chumvi za zinki na amonia ambazo chuma kilichovywa humo kabla ya kuja hapa, na koo linajua. Baada ya dakika chache mchemko unatulia. Aliyezoea hahitaji saa ukutani: mchemko ukikoma, chuma kimeshafikia joto la zinki na tabaka limeshajijenga. Hapo ndipo anapoanza kunyanyua, polepole, zinki ichuruzike. Akivuta kwa pupa, ncha za chini zinabaki na manundu ambayo mtu mwingine atashinda akiyapiga tupa.

Hatari kubwa hapa si moshi. Ni bomba lililozibwa pande zote mbili. Unyevu kidogo ukibaki ndani yake, unageuka mvuke kwa mara moja, bomba linapasuka na kurusha zinki ya nyuzi 450 juu ya watu. Anayeliziba ni fundi wa kuchomelea aliyeko mtaani, ambaye hajawahi kuliona tangi. Ndiyo maana opereta mzuri wa galvanaizi, yaani hii zinki ya moto, ni mtu mkali pale mzigo unapopokelewa: anakagua kila kona, anatafuta tundu la hewa, asipoliona anaurudisha mzigo hata kama mwenyewe ni swahiba wa bosi. Ukienda kutembelea kiwanda ukakuta mapokezi hakuna anayekagua matundu, umeshapata jibu lako.

Ujuzi wa kazi hii una vipimo vinavyojulikana kote. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka chuma chenye unene wa zaidi ya milimita 6 kipate zinki ya wastani wa mikroni 85 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) au zaidi, na cha milimita 3 hadi 6 kipate 70. Opereta anajifunza kutumia kijipima unene, na anajifunza kwamba chuma chenyewe nacho kina tabia: silikoni ikiwa ya kiasi fulani ndani yake, tabaka linakua nene kupita kiasi na kutoka kijivu kisichong'aa, hata ukifuata kila hatua. Mteja atalalamika. Ukijua sababu, utaweza kumjibu.

Zinki ya moto ina sura ya pili, ambayo ni mstari wa mabati. Koili inafunguliwa upande mmoja, inapita kwenye tanuru, inazama, inatoka juu ikipulizwa na visu vya hewa vinavyokwangua kilichozidi, inapoa na kukunjwa upande wa pili. Mabati Rolling Mills wa Mariakani, Kenya, na ALAF wa Dar es Salaam, wote wa kundi la Safal, wana mitambo ya aina hii. Mabati mengi ya siku hizi si ya zinki tupu. Mchanganyiko ulioenea una alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Ukisikia AZ150, maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. (Kwa wanaonunua bati: geji unayouliza dukani ni ya unene wa bati, haikuambii kitu kuhusu zinki iliyo juu yake. Uliza na hiyo namba ya pili.)

Kati ya tangi na mstari, tofauti ni kubwa. Kwenye mstari utakaa zaidi na skrini, masikio yakiwa yamezibwa kwa kelele, na ukikosea koili ndefu inaharibika kabla hujainua simu. Hewa huwa nafuu, nidhamu ya kazi ni kali, na kiwanda kwa kawaida ni kikubwa chenye mikataba ya maandishi. Ila ujuzi wake hauhamishiki kirahisi. Mitambo ya namna hiyo ni michache katika nchi moja, na ukitoka huko mtaani hakuna atakayekuita uendeshe visu vya hewa. Kwenye tangi utatoka jasho, utavaa koti zito na ngao ya uso kwenye joto la Pwani, lakini viwanda vya kuchovya nguzo, minara ya umeme na kingo za barabara viko pia Ghuba na kwingineko, na anayejua kusoma mchemko anasoma ule ule popote.

Halafu kuna sikukuu. Tangi la zinki halizimwi. Likiachwa ligande, kuliyeyusha upya kunaweza kulipasua, kwa hiyo moto unawaka Idi, unawaka Krismasi, unawaka usiku wa manane hata kama hakuna mzigo. Lazima kuna mtu wa zamu. Kama wewe ni mtu wa kwenda kwenu Desemba, fikiria.

Nikeli na kromu

Hapa ndipo ujuzi ulipo, na hapa ndipo ningemzuia mdogo wangu asianzie. Nitaeleza yote mawili.

Karakana ya kupaka kwa umeme kwa nje haitishi. Kuna matangi yamepangwa mstari, nyaya nene za shaba, na rektifaya inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti chache, mara nyingi zisizozidi 12, zenye ampea mamia. Kitu kinafungwa kwa waya au kuning'inizwa kwenye jigi, fremu ya kushikia vitu, upande wa hasi. Nikeli yenyewe, vipande ndani ya vikapu, inakaa upande wa chanya. Katikati kuna maji ya kijani ya salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki, yenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Fomula hiyo inaitwa ya Watts, kwa jina la Oliver Watts aliyeitoa mwaka 1916, na mpaka leo ndiyo mama wa matangi mengi ya nikeli duniani.

Sasa tazama bampa linalotoka kwenye nikeli. Katikati linang'aa vizuri. Pembeni, kwenye ncha, limekuwa jeusi jeusi na kukwaruza: umeme ulijaa huko, umeungua. Ndani ya kona hakuna kitu, pamebaki shaba iliyopakwa chini inachungulia. Opereta wa siku tatu ataongeza ampea ili kona ishike, na ataunguza zaidi. Mwenye ujuzi atapunguza ampea na kuongeza muda, au atasogeza vikapu, au atafunga waya wa ziada karibu na ncha uibe umeme uliozidi. Na kama kitu kizima kimetoka na ukungu, hatagusa umeme kabisa. Atapima asidi ya maji, atauliza dawa ya kung'arisha iliwekwa lini, ataangalia chujio. Hii ni kazi ya kufikiri. Ukikaa na mtu anayejua kwa miaka michache, utaondoka na kemia na umeme ambavyo darasani vingekuchosha.

Kromu inakuja mwisho, na ni nyembamba ajabu. Ile ya urembo, ya kwenye bampa na mabomba ya sinki, haifiki hata mikroni moja. Nikeli iliyo chini yake ndiyo inayozuia kutu. Kromu kazi yake ni kuipa mng'ao wa samawati na kuizuia isififie. Karakana inayoruka nikeli ili kubana gharama inauza mng'ao wa muda mfupi. Kuna pia kromu ngumu, ambayo ni habari nyingine: fimbo za haidroliki za vijiko vya kuchimbia na matingatinga hurudishiwa unene kwa kukaa kwenye tangi saa nyingi, kisha husagwa mpaka zifike kipimo. Kwenye nchi zenye migodi kazi hiyo haikosi mteja, na opereta wake hutazamwa kwa heshima ya fundi mitambo.

Tatizo ni maji yenyewe. Tangi la kawaida la kromu lina kiasi cha gramu 250 za asidi ya kromiki kwa lita, na kromu iliyomo ni ile ya aina ya sita, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Ingekaa kimya tangini, pengine isingekuwa balaa kubwa. Haikai kimya. Sehemu ndogo tu ya umeme, mara nyingi chini ya robo, ndiyo inayopaka kromu. Uliobaki unazalisha hidrojeni, mapovu yanapanda na kupasuka juu, na kila povu linarusha ukungu wa kromiki hewani. Huo ndio unaoingia puani. Marekani tangu 2006 hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 kwenye mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa zamu, kiasi ambacho jicho halikioni. Ulaya nayo tangu Septemba 2017 inataka kibali maalumu kwa anayetumia asidi hiyo.

Dalili hazichelewi kwa anayefanya kazi pasipo kifyonza hewa. Pua inatoka damu asubuhi. Kisha panakuwa na kigaga kisichopona. Kisha ukuta wa katikati ya pua unatoboka, na ajabu yake ni kwamba hauumi sana, kwa hiyo watu hulichekea tundu hilo. Mikononi, tone likiingia kwenye mkwaruzo linachimba kidonda kidogo cha mviringo ambacho hukaa wiki nyingi. Nikeli nayo huwaletea baadhi ya watu muwasho wa ngozi ambao ukianza hauishi. Hata baada ya kuacha kazi, sarafu au kifungo cha suruali kinawasumbua.

Na kuna sianidi. Baadhi ya matangi ya shaba, zinki, fedha na dhahabu bado yanaitumia. Sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua kwa dakika chache. Karakana ambayo ndoo ya asidi na tangi la sianidi viko hatua mbili mbali, mfereji wao ukiwa mmoja, usiingie hata kwa mshahara mara mbili.

Hata hivyo si haki kufunga mlango wote. Kupaka zinki kwa umeme kwenye bolti na nati, bila sianidi, ni kazi yenye ujuzi ule ule wa ampea na maji, na madhara yake ni madogo mno ukilinganisha. Kuna pia kromu ya aina ya tatu kwa ajili ya urembo, ambayo haina sumu ya ile ya sita. Ukipata karakana ya namna hiyo, katazo langu la mwanzo wa sehemu hii nalifuta.

Rangi ya unga

Hii ndiyo iliyoenea mitaani sasa, kwa sababu ya madirisha ya alumini, mageti na fanicha za chuma. Bunduki inaupa unga chaji ya volti elfu 60 hadi 100, chuma kimeunganishwa na ardhi, unga unavutwa na kukishika. Kisha oveni, nyuzi 180 hadi 200, dakika 10 hadi 20, unga unayeyuka na kuwa ngozi moja. Hakuna thina, hakuna ile harufu ya rangi ya dawa inayopasua kichwa.

Watu huidharau kwa kuwa inaonekana rahisi, na ukweli ni kwamba utapaka geti la kupendeza ndani ya wiki ya kwanza. Kupaka lisibabuke ni jambo lingine. Mambo mawili huwatoa jasho hata wazoefu. La kwanza ni kona za ndani. Umeme unaishia kwenye kingo, unga unarudi nyuma, na ukiongeza volti ndiyo unaufukuza kabisa. Dawa yake ni kushusha volti, kupunguza hewa na kuanza na kona kabla ya sehemu bapa. La pili ni saa ya oveni. Kipimajoto cha mlangoni kinasoma joto la hewa, lakini unga unaiva kwa joto la chuma. Bati jembamba linafika upesi, geti la bomba nene linachelewa, na dakika zako zinatakiwa zihesabiwe tangu chuma kifike joto. Ukivipa muda mmoja vyote viwili, geti litatoka linang'aa lakini halijaiva. Chovya kitambaa kwenye asetoni, lisugue: rangi ikikuchafulia kitambaa na kulainika, mteja atakurudia. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, habari ni hiyo hiyo. Karakana inayotumia gesi kwenye oveni bado inahitaji umeme wa feni.

Pwani ina shida zake. Chuma kikitoka kwenye asidi Dar es Salaam au Mombasa kinaanza kupata kutu ya machungwa unapokitazama, kwa hiyo fosfeti, dawa ya kukiandaa chuma kishike rangi, na ukaushaji havingoji mtu amalize chai. Unga nao unavuta unyevu na kuganda madonge kama stoo ina joto. Kompresa isiyo na kikausha hewa inarusha matone, na kila tone ni kijitundu kwenye rangi.

Kwa mapafu, hii ni nafuu kuliko kromu kwa mbali, lakini si unga wa ugali. Ukijaa hewani na cheche ikatokea, unalipuka. Ndiyo maana kibanda lazima kiwe na kifyonza, na ndoano za kuning'inizia zikwanguliwe rangi ya zamani ili chuma kigusane na ardhi kweli. Baadhi ya unga wa poliesta una kigumisho kiitwacho TGIC, kinachoweza kuleta pumu na ambacho Ulaya imekiorodhesha kuwa huweza kuharibu vinasaba. Upo wa aina nyingine usio nacho. Omba karatasi ya usalama ya dawa husika, isome, na kama bosi hajui karatasi hiyo ni nini, mweleze kwa upole na uone atafanya nini.

Faida kubwa ya rangi ya unga ni kwamba unaweza kuihamishia kwako. Bunduki, kompresa, kibanda na oveni ya kuchomelea mwenyewe ni mtaji ambao mafundi wawili watatu wanaweza kuuchanga. Tangi la zinki hulianzishi uani. La kromu unaweza kulianzisha uani, na wapo wanaofanya hivyo, na maji yao ya njano ndiyo yanayotiririka kwenye mtaro wanakochezea watoto.

Maziwa, zamu na karatasi

Neno kuhusu maziwa. Viwanda vingi kwetu hugawa pakiti ya maziwa kwa wanaofanya kazi kwenye moshi na asidi, na wafanyakazi wenyewe huyadai, ikitokea yamekosekana panakuwa na kesi. Maziwa ni chakula kizuri. Hayazuii asidi kula meno yako, hayaoshi kromu kutoka kwenye mapafu, hayatoi zinki kwenye damu. Bosi anayekupa maziwa badala ya kifyonza hewa amekupa kifungua kinywa. Yachukue, kisha uliza kifyonza kilikaguliwa lini.

Mshahara wa kiwanda kikubwa cha zinki au mabati huja kwa mwezi na kwa zamu. Karakana za kromu na rangi ya unga nyingi hulipa kwa siku, au kwa kipande, na mvua zikisimamisha ujenzi madirisha yanapungua na mfuko wako unajua. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, ovataimu inalipwa mara moja na nusu na haizidi saa 50 katika wiki nne, na kazi ya usiku inaongezewa asilimia 5. Ukiambiwa "mshahara wetu mnono", gawanya kwa saa utakazofanya kweli. Mara nyingi ule mnono ni ovataimu iliyovaa koti.

Huko huko Tanzania, michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, inatoka kwa mwajiri, haikatwi kwako, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Kenya kuna sheria ya fidia ya WIBA ya 2007. Kibarua wa kromu asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya mchango ndiye anayebeba hatari kubwa kuliko wote ninaowajua katika fani hii, na ndiye anayelipwa kidogo.

Ningekushauri hivi

Kama una familia, unataka mkataba na likizo, na zamu za usiku hazikukeri, nenda kwenye zinki ya moto. Ukipewa chaguo kati ya mstari wa mabati na tangi la kuchovya, kijana mwenye nguvu na asiye na pumu aanze na tangi, apate ujuzi unaosafiri. Mwenye miaka arobaini na mgongo unaolalamika achukue mstari.

Kama ndoto yako ni karakana yako mwenyewe, rangi ya unga, bila kusita. Ila usikimbilie kushika bunduki. Omba uwekwe kwenye kuosha kwanza, kwa sababu hapo ndipo karakana nyingi zinaharibikia, na ndipo utakapokuja kuwashinda wenzako. Uchomeleaji uliosomea VETA, chuo cha ufundi stadi, utakusaidia kuliko unavyofikiri: utajiundia jigi na ndoano, hata oveni.

Kama unapenda kujua kwa nini, na kemia ya shuleni haikukuchosha, nikeli na zinki ya umeme ndiyo kazi yako. Kromu ya aina ya sita ikubali kwa masharti. Simama kwenye mlango wa chumba cha matangi rektifaya ikiwa imewashwa. Kama unaonja kitu kikavu, cha metali, nyuma ya koo, usiendelee. Angalia midomo ya kifyonza hewa iliyo kando ya tangi: kipande cha karatasi laini kikisogezwa hapo kinapaswa kuvutwa. Angalia mtaro. Maji ya kromu yanayotibiwa hugeuzwa kwanza kuwa aina ya tatu kwa dawa, kisha hutiwa chokaa yaache tope la kijani chini. Kwa hiyo tope la kijani kwenye tangi la matibabu ni habari njema, na maji ya njano nje ya ukuta ni habari mbaya. Angalia pia bomba la kuoshea macho, na ulifungue. Mengi yamefungwa kwa kutu, mahali ambapo kazi yao ni kuzuia kutu.

Popote utakapokwenda, upimwe afya kabla ya kuanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya 2003, inataka hivyo, na inataka upimwe tena ukiwa kazini na unapoondoka. Mapafu yapimwe kwa kupuliza, pua itazamwe kama unakwenda kwenye kromu, ngozi ya mikono iandikwe ilivyo. Omba nakala yako siku hiyo hiyo na uiweke nyumbani, si kwenye kabati la kiwanda. Siku ukidai kwamba kazi ndiyo iliyokuumiza, utaulizwa ulikujaje, na karatasi hiyo ndiyo itakayojibu.